Betri Chini ya Benchi la Sauna

Saima Hautala alikuwa mtu wa kuogopa, wala hakuona haya. Aliogopa barafu ya ziwani hata pale malori yalipokuwa yakipita juu yake. Aliogopa bomba la moshi, aliogopa paa lililolemewa na theluji, aliogopa mwiba wa samaki kooni mwa mtu ambaye hata mezani hajaketi. Mumewe Rudy alikwisha mzoea. Akiambiwa "angalia", anajibu "naangalia", na haangalii kitu.

Akina mama wenzangu, mlishike hilo tangu sasa. Anayepiga kelele kila siku huzoewa kama saa ya ukutani. Inagonga, na hakuna anayeinua kichwa.

Nyumba yao ilikuwa kando ya ziwa, mwendo mfupi kutoka mji wa Hancock, huko kaskazini kwa theluji, na chini kidogo ya nyumba palikuwa na sauna, kijumba cha magogo cha kuogea kwa mvuke, alichokijenga babu yake Rudy mzaa mama kabla hata nyumba yenyewe haijapata sakafu. Ilikuwa na vyumba viwili: cha ndani chenye jiko la kuni na mawe, na cha nje cha kuvulia nguo, chenye benchi refu. Mama yake Rudy, Bibi Lydia, alizaliwa katika chumba hicho cha nje, maana enzi zile hapakuwa na mahali safi na penye maji ya moto kuliko hapo. Sasa alikuwa mkongwe wa meno ya kuazima na ulimi wa kwake mwenyewe.

Karibu na maji kabisa palikuwa na kibanda cha boti. Humo Rudy alilaza boti yake ndogo ya bati kila vuli. Boti ilikuwa na mota ya umeme, ya kunyemelea samaki kwenye matete bila makelele, na mota ilikula betri kubwa, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza. Rudy aliitunza betri ile kuliko alivyotunza magoti yake. Kabla theluji haijashika, aliitoa botini, akasugua vichwa vyake kwa brashi na magadi ya mikate, akafungua vifuniko akaongeza maji ya betri. Kisha akaichaji nje, chini ya upenu, akimfukuza kila mwenye sigara. Iliposhiba aliiondoa kwenye waya zote, akaiweka kibandani juu ya ubao wa mwerezi. Ule ubao ulikuwa wa marehemu baba yake, aliyeamini kwamba sakafu ya saruji hunyonya nguvu za betri. Rudy alijua betri za siku hizi hazina habari na saruji. Lakini ubao ulikuwa wa baba, basi.

"Betri ni kama dubu," alipenda kusema. "Akishiba, mwache alale. Baridi haimfanyi kitu."

Kila mwezi alikwenda na kipimo kidogo, akaigusa vichwani, akarudi akipiga mluzi. Habari ya betri ikaishia hapo.

Haikuishia hapo kwa Saima.

Mwaka huo Januari ilikuja na baridi ya kupasua miti. Usingizini unasikia mti umelia msituni kama bunduki. Asubuhi moja Saima alikuta ndoo ya maji barazani imepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Akaitazama. Akaingia ndani na kipande cha ndoo mkononi.

"Baba Lenora, ile betri yako ina maji ndani."

"Inayo." Rudy alikuwa anapaka siagi mkate wa iliki, haangalii.

"Maji yanaganda."

"Yale si maji ya kisima, mama. Betri iliyoshiba haigandi."

"Na ikipasuka?"

"Haipasuki."

"Na ikipasuka ikamwaga ule ukali wake, na mtoto anakuja Jumamosi?"

Hapo Bibi Lydia akatua kikombe chake cha kahawa. "Mtoto wa miezi mitatu atafuata nini kwenye kibanda cha boti, mkwe wangu? Anakwenda kuvua?"

Wakacheka, mama na mwana. Saima akatabasamu kwa mdomo, moyo ukabaki pale pale.

Maana huyo mtoto ndiye aliyekuwa habari ya mji mzima wa Saima. Binti yao Lenora alikuwa analeta kichanga chake, Elsi, kutoka kusini, na Jumamosi hiyo mtoto angeingia sauna kwa mara ya kwanza: benchi la chini, karai la maji vuguvugu, mvuke kidogo tu wa kumkaribisha. Bibi Lydia alikwisha toa taulo aliyoifuma mwenyewe. Saima alikuwa anatembea nyumbani akiimba, na katikati ya kuimba anasimama, anafikiria jambo jingine la kuogopa.

Jumatano Rudy akaenda kanisani kusaidia kusukuma theluji. Saima akavaa buti, akavuta sleji ya kuni, kile kigari kisicho na magurudumu cha kuburuta juu ya theluji, hadi kibandani. Betri ilimkalia mapajani, ikamkalia kifuani, hatimaye ikakaa kwenye sleji. Akaivuta mpaka sauna, akaiingiza chini ya benchi la chumba cha nje. Akaigusa. Baridi kama jiwe la kaburi! Akaionea huruma, jamani, kama kitu chenye roho. Akaifunika zulia kuukuu.

Tena asiishie hapo. Alikumbuka neno la mumewe, kwamba iliyoshiba haigandi. Basi ishibe zaidi. Akatoa sandukuni chaja ya marehemu baba yake yeye Saima, dude la chuma lenye mshale wa kipimo uliokwama, lisilojua kuacha lenyewe. Akabana koleo zake mbili kwenye vichwa vya betri, nyekundu huku, nyeusi huku, akavuta waya mrefu hadi kwenye plagi ya barazani, akaufukia njiani kwa theluji. Chaja ikaanza kuvuma taratibu. Saima akafunga mlango vizuri, akashindilia gunia kwenye upenyo wa chini, joto lisitoke.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Rudy alikwisha kagua mwezi huo, haendi kibandani. Ijumaa yeye atairudisha betri ikiwa imeshiba na kupata joto, na hakuna atakayejua. Alilala usingizi mtamu, maana kwa mara moja alikuwa ameondoa hofu moja kwa mikono yake.

Sikilizeni basi. Alhamisi gari liliingia uani. Lenora! Redio ilikuwa imetangaza dhoruba ya Ijumaa, naye akaona awahi.

"Mama, usinikemee, nimeendesha polepole kama gari la jeneza."

"Nani anakukemea? Nipe huyo! Nipe, nipe!"

Elsi alikuwa na mashavu kama mikate miwili iliyoumuka. Alimtazama Saima kwa macho ya kijivu ya ukoo wa Hautala, akapiga chafya. Saima akapoteza akili zake zote saa ile ile. Alhamisi ikapita kwenye bega lake, na Ijumaa ikapita hivyo hivyo na dhoruba yake, theluji ikipanda madirishani, kahawa ikipanda jikoni, Bibi Lydia akimwimbia mtoto nyimbo za watu waliokwisha kufa. Katika hofu zote alizokuwa nazo Saima, zile za mto na za blanketi na za paka kulala usoni mwa mtoto, moja tu haikumjia. Ndivyo ilivyo. Kikulacho ki nguoni mwako, wewe unatazama dirishani.

Jumamosi jua lilitoka, dunia nyeupe mpaka macho yanauma. Baada ya chakula Rudy akachimba njia ya kwenda sauna. Alikuwa na mafua, pua imeziba, masikio yanavuma, anasema "Saiba" badala ya Saima. Lenora akatangulia na taulo, akaziacha benchini, akarudi akipangusa miguu.

"Mama, sauna imekuwaje? Inanuka yai viza."

Saima alikuwa anakanda unga, mtoto kalala kapuni pembeni yake. "Panya kafia chini ya sakafu, labda."

"Panya gani? Na kuna kitu kinavuma chini ya benchi, kama nzi. Nzi Januari!"

Mikono ya Saima ikasimama ndani ya unga.

Jicho lake likaona kifuniko cha ile betri, kama kipo mezani. Juu yake palikuwa na picha ndogo ya moto uliokatwa kwa mstari. Alikuwa ameiona mwaka hadi mwaka. Jumatano aliiona tena kabla hajaifunika zulia. Kisha akakumbuka upenu, na Rudy akifukuza wenye sigara. Hakujua jina la kile kinachotoka kwenye betri iliyolishwa kupita kiasi. Lakini alijua vizuri kwamba mumewe hachaji betri ndani, hajapata kuchaji ndani, na kwamba yeye ameziba hata upenyo wa mlango.

"Baba yako yuko wapi?"

"Kaenda kuwasha sauna. Kachukua kiberiti na magome."

Saima hakuvaa buti. Alitoka na soksi, unga hadi viwikoni. Barazani akashika ule waya akauchomoa ukutani kwa mkono mmoja bila kusimama, akashuka kwenye njia iliyochimbwa, theluji imemzidi mabega huku na huku. Alianguka mara moja. Aliamka hajui kwamba alianguka.

Mlango wa sauna ulikuwa nusu wazi. Rudy alikuwa chumba cha nje, amechutama anachambua magome makavu ya kuwashia, kiberiti kwenye paja.

"Baba Lenora! Usiwashe!"

Rudy hakugeuka. "Kuda dini tena?" alisema kwa pua yake iliyoziba. "Boba la boshi?"

"Si bomba!"

"Paa?"

"Si paa! Weka chini hicho kiberiti!"

"Basi dubu kaingia jikoni," akasema Rudy, akacheka kicheko chake cha ndani kwa ndani, akatoa njiti.

Hapo Saima alielewa kitu ambacho kilimuuma kuliko baridi ya miguuni. Sauti yake haikuwa na kazi tena. Alikuwa ameitumia yote kwenye miiba ya samaki. Angelia, angepiga magoti, Rudy angesema "naangalia" na angewasha ile njiti.

Akasema polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Betri iko chini ya benchi hilo. Mimi nimeileta kwa siri. Iko kwenye chaja ya baba tangu Jumatano."

Mkono wa Rudy ukasimama hewani.

Katika ndoa yao yote alikuwa amemsikia mkewe akisema kuna hatari, kuna hatari. "Mimi nimefanya" hakuwa amelisikia. Akaishusha njiti kama anashusha yai. Akarudisha njiti kiberitini, akampa Saima kiberiti kile.

"Toka dacho dje," alisema. "Bali sada."

Kisha akasukuma mlango hadi mwisho, akalipiga teke lile gunia, akafungua na mlango wa ndani na dirisha, taratibu, bila kugusa swichi ya taa. Akatoka. Wakasimama kwenye theluji mbali na sauna wakiitazama kama ng'ombe mkali aliyefunguliwa zizini. Hewa ya baridi ikaingia, joto likatoka. Hakuna kilicholipuka. Ndege mmoja mdogo mweusi kichwani alikuja akatua juu ya paa, akaimba, akaondoka.

Rudy akatazama miguu ya mkewe. Akavua glavu zake kubwa za manyoya, akachutama, akamvalisha miguuni, moja moja, vidole gumba vya glavu vikaning'inia pembeni kama masikio.

"Umechomoa?"

"Kule barazani."

"Koleo hukugusa?"

"Sikugusa."

"Vizuri. Ungezing'oa kwanza koleo, cheche ingerukia pale pale." Akakohoa. "Betri ikishiba, ukazidi kuilisha, inachemka. Inatoa gesi. Ile unayoinusa, ya yai viza, ndiyo mpiga mbiu. Ile inayolipuka yenyewe haina harufu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilisema haigandi."

"Ulisema haigandi. Kwa nini haigandi, hukusema. Ulipaka siagi."

Ilikuwa kweli, alipaka siagi.

"Yenye njaa ndiyo inaganda," akasema Rudy. "Ikiisha nguvu, yale maji ndani yanarudi kuwa maji matupu, yanaganda kama ndoo yako. Ikiwa imeshiba, yanakuwa makali, baridi ya huku haiyawezi. Na baridi inaisaidia kulala, haimalizi nguvu upesi. Joto ndilo linaiamsha."

"Kama dubu."

"Sasa! Kama dubu. Wewe umekwenda kumwamsha dubu Januari, ukamlisha siku tatu, mpaka katapika."

Saima akaanza kucheka. Akacheka mpaka akalazimika kumshika bega mumewe, maana glavu zinateleza. Na katika kucheka machozi yakamtoka, na Rudy akajua ni machozi ya nini, akamfuta unga puani.

Lenora akatokea juu ya njia na buti za mama yake, mtoto kafungwa ndani ya koti lake. "Mnafanya nini huko? Mama, umevaa nini miguuni?"

"Rudi ndani na huyo mtoto!" Saima na Rudy wakasema pamoja.

Dirisha la jikoni likafunguliwa. Kichwa cheupe cha Bibi Lydia kikachomoza. "Imewaka?"

"Bado, Mama!" Rudy akapaza sauti. "Tulikuwa karibu kuruka na paa!"

"Basi msiharakishe! Nilizaliwa humo, sitaki kufia humo uchi mbele ya wageni!" Dirisha likafungwa.

Walingoja mpaka sauna ikawa baridi kama nje na harufu imekwisha kabisa. Rudy akaingia, akatoa koleo, akaibeba betri kwa glavu za mpira. Mbavu za betri zilikuwa zimevimba kidogo na bado zina vuguvugu. Wakaivuta kwa sleji hadi kibandani wakaiacha ipoe juu ya ubao wa mwerezi, mlango wazi. Baadaye Rudy alifungua vifuniko, akamwita Saima atazame. Maji yalikuwa yamekauka hadi vibamba vya ndani vikaachwa wazi, na yaliyobaki meusi kama kahawa iliyosahaulika.

"Imekufa?" Saima akauliza.

"Imejeruhiwa. Tuimiminie maji yake, tuone." Akampa chupa. "Mimina wewe. Polepole. Yasifurike."

Saima akamimina, tundu baada ya tundu, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Halikumwagika tone.

Sauna iliwashwa jioni, moto ukalia ndani ya jiko kama kawaida yake, na mawe yakapata joto. Wanawake waliingia wa kwanza. Bibi Lydia alikaa benchi la kati, ngozi yake imekunjamana kama gome, akaamuru kila kitu. Lenora akamshika Elsi kwenye karai, mgongo juu ya mkono, na Saima akachota maji kidogo kwa kata akayanyunyiza juu ya mawe. Mvuke ukapanda, laini, ukazunguka, ukashuka. Mtoto akafumbua macho makubwa. Akafungua mdomo. Kila mtu akangoja kilio.

Akapiga mwayo.

"Huyu ni wetu," Bibi Lydia akatangaza.

Tangu hapo, kila mwezi ulipofika wa kukagua, Rudy alisimama mlangoni akavaa kofia. "Mama Lenora, unakuja?" Wakashuka pamoja kibandani, Saima amebeba kipimo. Alikuwa mkaguzi mkali. Alipapasa mbavu, alinusa, aliuliza maswali ambayo Rudy hakuwahi kujiuliza. Ikipungua nguvu, waliichaji nje, chini ya upenu, kwa chaja mpya, ile inayojua kuacha yenyewe, milango yote wazi, na Saima akasimama pale kama polisi mpaka ishibe. Woga ulikuwa umepata kazi, na woga wenye kazi haupigi kelele ovyo. Chaja ya baba yake aliiaga kwa heshima, akaipeleka kwa wanaokusanya vyuma.

Nanyi mnaosoma, wenye boti ndogo na wasio nazo, msichaji betri mahali palipozibwa, na msiwashe moto karibu nayo. Ishibisheni, itoeni kwenye waya, iacheni ilale baridini mahali pakavu, mkaitazame kila mwezi. Na mkitaka kumficha mwenzenu jambo kwa wema, mwambieni. Wema wa kufichwa ndio ulioziba ule mlango kwa gunia.

Barafu ilipotoka ziwani mwezi wa Mei, Rudy akashusha boti. Saima aliyesema hatakaa botini mpaka maji yapate joto, akakaa, na jaketi mbili za kuelea. Mota ikaamka bila sauti. Betri iliyojeruhiwa ikawasukuma mpaka kwenye matete ya upande wa pili, ikawangoja wapate samaki wawili wa kukaanga, kisha ikazimika kama mzee aliyelala katikati ya hadithi.

"Imetufikisha," akasema Rudy, akachukua makasia.

"Kutufikisha ni nusu ya safari."

"Nusu nyingine nipigie makofi."

Walikuwa katikati ya ziwa, maji yametulia kama sahani, nyumba yao inaonekana ndogo kule na moshi wa sauna umesimama wima juu yake.

"Angalia," Saima akasema.

Rudy akaacha kupiga kasia, akageuka, akaangalia.